Doa Lililomshinda Dobi

"Usiguse," alisema Profesa. "Tazama kwa macho tu."

Inspekta aliurudisha mkono wake mfukoni. Hakuwa na nia ya kugusa chochote, lakini ukishaambiwa usiguse, vidole vyenyewe huanza kuwasha.

Walikuwa katika chumba cha mimea mikavu, ghorofa ya chini ya idara: chumba kirefu, makabati ya chuma kushoto na kulia, na harufu ya dawa ya nondo ambayo ukitoka unatoka nayo. Mezani, ndani ya gazeti lililofunguliwa kama kitabu, ulilala mmea mmoja mkavu wenye majani saba na shina lililokunjwa mara mbili ili lienee kwenye karatasi. Machoni mwa Inspekta lilikuwa gugu tu. Kwa Profesa, ulikuwa mmea ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuuandika popote, na saa saba mchana huo angepanda jukwaani kuutangaza mbele ya wageni na waandishi wa habari.

Ofisi yake ya ghorofa ya pili ilikuwa imeungua jana yake, saa tisa alasiri. Meza, pazia, droo na vilivyomo, vyote viliteketea. Mmea ulipona kwa sababu asubuhi ya siku hiyohiyo Profesa alikuwa ameushusha huku chini. Bahati, alisema. Inspekta aliliandika neno hilo kwenye kijitabu chake akalipigia mstari.

"Soma tarehe," Profesa alisema.

Juu ya ukurasa kulikuwa na tarehe ya miaka tisa iliyopita, na chini yake kichwa cha habari: *Mvua yachelewesha kufunguliwa kwa daraja*. Inspekta alinakili vyote viwili.

"Miaka tisa!" Profesa aliinua mkono wa kulia, uliofungwa bandeji. "Miaka tisa iliyopita yule binti alikuwa bado anavaa sare ya shule. Leo anadai mmea huu kaupata yeye, mwaka jana. Miezi minne ananiganda kama kupe. Barua kumi na sita. Nikitoka nyumbani namkuta amekaa kwenye ngazi. Nikifundisha, watu mia mbili wamekaa, yeye anasimama, ananinyooshea kidole: 'Ule mmea ni wangu.' Mwisho wake ndio huo, kanimwagia spiriti mlangoni na kuwasha kiberiti, nami nimo ndani. Afande, yule mtoto alitaka kuniua."

"Kwani mmea unalazwa kwenye gazeti kwa nini? Hamna karatasi nyingine?"

Profesa alicheka kile kicheko cha kumhurumia mjinga.

"Mmea mbichi una maji. Unaulaza kwenye gazeti, unaubana kwa mbao mbili na mikanda, siku tano, sita. Gazeti linanyonya kila kitu. Tangu hapo mmea na gazeti lake hawaachani. Mtu wa mimea akiona mmea umelala bila gazeti lake, ni kama ameona mtoto mchanga katupwa sakafuni. Ndiyo maana nakwambia tarehe hii haina ubishi."

Inspekta aliinama. Karatasi ilikuwa ya manjano kwa uzee, na pembeni mwa mmea ilikuwa safi kabisa. Hapakuwa na la kubisha. Kesi ilikuwa imekwisha, tena imekwisha vizuri kupita kiasi, na jambo hilo lilimkera. Kituoni walimwita Bi Subiri, kwa sababu kila wenzake walipotaka kufunga jalada yeye alisema subiri kwanza. Walimcheka, lakini majalada yake hayakurudishwa na mahakama.

Simu ilitetemeka. Mkuu wa Kituo.

"Bi Subiri, leo usinisubirishe. Jalada lifike kwa mwendesha mashtaka saa nane kamili. Kuchoma jengo na kujaribu kuua. Yule binti hatoki leo wala mwakani. Mimi nitakuwa ukumbini hukohuko chuoni, nimealikwa."

"Sawa, Mkuu."

Ilikuwa saa nne na robo.

*

Idara nzima ilimwita yule mwanafunzi Kisirani, na baada ya usiku mmoja tu mahabusu, askari wa zamu naye alikuwa anamwita hivyohivyo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kucha zilizokatwa mpaka nyamani. Kabla hajakaa alikuwa ameshayasoma maandishi ya Inspekta, kichwa chini miguu juu.

"Umekosea. Hapo umeandika ghorofa ya tatu. Ofisi iko ya pili."

Inspekta alitazama. Kweli. Alisahihisha.

"Jana saa tisa ulipanda kule kufanya nini?"

"Kuchukua daftari langu la porini. Alikaa nalo mwaka mzima. Jana asubuhi akaniambia, njoo saa tisa ulichukue."

"Nani alimsikia akikwambia?"

"Ukuta."

"Unanitania?"

"Hapana. Koridoni tulikuwa watatu: yeye, mimi na ukuta. Umeuliza nani alisikia."

Haya basi. Mtu angeanza kuelewa kwa nini Profesa alimwita kupe.

"Mikono yako ilikuwa inanuka spiriti."

"Inanuka spiriti tangu mwaka jana. Ndiyo tunayopaka mimea isioze. Chupa yangu iko juu ya meza yangu maabara. Kapimeni. Imepungua vijiko vitatu. Vijiko vitatu vinachoma ofisi?"

"Na kwenye hilo daftari kulikuwa na nini?"

"Kila kitu. Siku, saa, kilima, hata jiwe ambapo mmea uliota. Limeungua lote." Sauti ilianza kumpanda. "Nichome daftari langu mwenyewe ili iweje, afande? Ili nipate nini?"

Lilikuwa swali zuri. Inspekta hakumwonyesha kwamba ni zuri.

"Mmea wa Profesa uko kwenye gazeti la miaka tisa iliyopita. Nimeliona mwenyewe leo asubuhi."

Kisirani alitazama dirisha, akarudi kumtazama Inspekta.

"Amebadilisha."

"Una ushahidi?"

"Barua zangu mmesoma?"

"Tunazo."

"Sijauliza kama mnazo."

Inspekta alihisi uso unapata moto. Alikuwa amesoma ya kwanza na ya mwisho, kama walivyofanya wote. Ya kwanza ilikuwa na hasira, ya mwisho ilikuwa na hasira zaidi, na katikati kila mtu alidhani anajua kilichomo.

"Soma ya tisa," alisema Kisirani. "Halafu rudi uniite kichaa." Alisimama kabla hajaruhusiwa, kisha akakaa tena, na sauti ikamshuka ghafla. "Nitafungwa, siyo? Mama yangu amefua mashuka ya watu miaka ishirini ili mimi nisome. Mashuka ya watu, afande."

Inspekta alimwambia askari amrudishe. Kisha akaichukua bahasha ya vielelezo, akahesabu hadi tisa.

Barua ya tisa haikuwa na tusi hata moja. Ilikuwa orodha. *Majani saba. Jani la pili kutoka chini, kushoto, lina tundu la mdudu, ukubwa wa punje ya dengu. Shina nililikunja mara mbili. Jani la tano lilivunjika mkononi mwangu, likatoa utomvu mwekundu mwingi, ukalowesha gazeti na nguo yangu. Wewe mwenyewe nilipokupa ulisema, loo, una damu huu.* Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Alifumba macho akauona mmea wa asubuhi. Majani saba, shina limekunjwa mara mbili. Lakini mtu yeyote aliyeuona angeweza kuhesabu majani na matundu. Wakili wa mwaka wa kwanza angeichana barua ile. Aliikunja, akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

*

Kwenye benchi la koridoni alikuwa amekaa mwanamke mwenye mikono iliyokunjamana kama ya mtu aliyetoka mtoni sasa hivi. Alipomwona Inspekta alinyanyuka, kifuko cha nguo kifuani.

"Afande, samahani. Mimi ni mama yake. Nimemletea nguo, wamenizuia. Wanasema hii ina damu."

"Nguo gani ina damu?"

Kijana wa kaunta alidakia, amejaa fahari. "Blauzi, afande! Nimeikamata. Ina madoa ya damu kifua kizima. Nilitaka kukuletea."

Inspekta aliikunjua. Ilikuwa blauzi nyeupe, safi, imepigwa pasi mpaka kwenye mishono, na kifuani na kwenye mkono mmoja ilikuwa na mabaka mekundu ya kutu, mengine makubwa kama kiganja. Hapa sasa lilikuwa linakuja jambo jingine kabisa.

"Mama, hii ni damu ya nani?"

"Damu!" Mama mtu alisahau kwamba yuko kituo cha polisi. "Damu gani hiyo isiyotoka? Damu unailoweka kwenye maji baridi na chumvi, asubuhi hukumbuki ilikuwa wapi. Mimi ni dobi, mwanangu. Nimetoa damu, nimetoa wino, nimetoa grisi ya magari, nimetoa divai kwenye kitambaa cha meza cha mabwana wakubwa. Hili doa limenishinda. Limao, ndimu, jiki, jua la siku tatu, wapi! Mwaka mzima nagombana nalo."

"Mwaka mzima?"

"Alirudi nalo kutoka huko kilimani kwao mwaka jana, kuchuma majani yake. Anacheka! Namwambia umeniharibia blauzi ya mahafali, yeye anacheka, ananiambia mama, nimepata kitu. Nimeleta hii leo kwa sababu nyingine zote ziko kwenye maji. Doa ni doa, lakini nguo ni safi, afande. Naapa ni safi."

Inspekta alibaki ameishika ile blauzi. Mmea unaotoa utomvu ambao dobi wa miaka ishirini hawezi kuutoa kwenye pamba. Na gazeti linanyonya kila kitu. Profesa mwenyewe alikuwa ametamka hivyo, tena kwa majivuno. Na gazeti lile la asubuhi, pembeni mwa mmea, lilikuwa safi kama sahani.

"Mama," alisema, "wewe leo umefanya kazi kuliko kituo kizima."

"Nimefanya nini?"

"Nitakueleza. Kijana, mpe binti avae hii. Na usiipige pasi, usiikunje, usiiguse."

*

Saa sita kasoro alikuwa tena kwenye harufu ya dawa ya nondo, na meza ilikuwa tupu. Mmea ulikwishapelekwa ukumbini. Aliyekuwepo ni mtunza chumba, mzee mfupi ambaye chuo kizima kilimwita Mzee wa Makabati, anakula muhogo wa kuchemsha mlangoni, kwa kuwa ndani aliharamisha hata peremende.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Futa miguu."

Alifuta miguu. Akamsomea kutoka kwenye kijitabu tarehe ya gazeti, na habari ya daraja.

"Mzee, wiki hiyo Profesa alikwenda porini?"

"Alikwenda. Alirudi na kumi na mmoja. Niliwapokea mimi." Mzee wa Makabati alizungumzia mimea kama wapangaji wake. "Wako kabati la saba, rafu ya chini. Hawajabandikwa kwenye karatasi ngumu mpaka leo, wamo kwenye magazeti yao. Nimeshamwambia Profesa mara ngapi."

"Kumi na mmoja, siyo kumi na wawili?"

"Binti, najua kuhesabu."

Walilifungua kabati la saba wakaanza kuwatoa mmoja mmoja. Magazeti yote yalikuwa ya wiki ile: daraja, mvua, mvua, mpira, mvua, daraja. Ikafika tisa, ikafika kumi. Mzee alifungua la kumi na moja, akawa kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake.

"Hee! Na huyu kavaa nini?"

Ndani ulilala mmea wa majani membamba kama manyoya ya kuku, mkavu, wa zamani. Gazeti lake lilikuwa jeupe kuliko yote. Inspekta alisoma tarehe. Ya mwaka jana.

"Mmea wa miaka tisa," alisema taratibu, "kwenye gazeti la mwaka jana."

"Alilipataje kabla halijachapwa?" aliuliza Mzee kwa dhati kabisa.

"Unyanyue, mzee. Tuone chini yake."

Mzee aliingiza kadi ngumu chini ya mmea, akaunyanyua wote kwa mkupuo mmoja. Chini, kwenye karatasi, kulikuwa na mchoro mwekundu wa kutu: shina lililokunjwa mara mbili, majani saba, na pale kwenye jani la tano, ziwa zima la wekundu lililopenya hadi ukurasa wa nyuma. Kwenye jani la pili kutoka chini, kushoto, kulikuwa na kitone kimoja cheupe, ukubwa wa punje ya dengu.

Inspekta aliketi. Hakuwa mtu wa kucheka kazini, lakini alicheka.

"Kona hii imefutwa," Mzee aliendelea, ameshaanza kukasirika. "Hapa mwenye mmea huandika namba yake kwa penseli. Mtu amesugua kwa raba mpaka karatasi imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nani kafanya uchafu huu humu ndani kwangu?"

"Kwa nini mtu asichukue gazeti lingine tu? Kwa nini ayabadilishe haya?"

"Achukue wapi? Magazeti nayafungia mimi. Mtu akitaka moja ananiomba, ananiambia la mmea gani. Na mimi kila jioni napita. Nikimkuta mmoja hana gazeti, chuo hakilali."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mimea miwili, magazeti mawili, Mzee yuko mlangoni anakula, na dakika tano tu. Profesa aliuhamisha ule, akauhamisha huu. Alifikiria tarehe, akasahau rangi.

"Swali la mwisho, mzee wangu. Spiriti nayo unaifungia?"

"Nafungia. Jana asubuhi nilimpa Profesa chupa nzima. Alisema anakwenda kupaka mimea. Nikashangaa, Profesa hajapaka mmea kwa mkono wake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Na polisi hukuwaambia?"

"Waliniuliza habari za binti. Za Profesa hawakuniuliza."

Inspekta aliliandika hilo. Alipanda maabara, akaikuta chupa ya Kisirani mezani, akaimiminia maji kwa kijiko mpaka ikajaa shingoni. Kimoja, viwili, vitatu. Msichana asiyevumilika, lakini hakuongeza hata tone. Kisha akapiga simu kituoni: mtuhumiwa aletwe ukumbini sasa hivi, anatakiwa kutambua kielelezo. Na mama yake aje naye.

*

Ukumbi ulikuwa umefurika. Profesa alikuwa jukwaani, suti ya kijivu na bandeji nyeupe, na mbele yake, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, mmea ulikuwa wazi ndani ya gazeti lake, tarehe imegeuziwa waandishi wa habari. Mkuu wa Kituo alikaa mstari wa mbele, buti zinang'aa.

"Miaka tisa nimeutunza kimya kimya," Profesa alikuwa anasema. "Hata moto haukuweza..."

"Subiri kwanza," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Vichwa viligeuka. Inspekta alikuja katikati ya viti, nyuma yake Mzee wa Makabati amebeba gazeti juu ya ubao kwa mikono miwili, na nyuma ya Mzee, kati ya askari na mama yake, Kisirani na blauzi yake yenye mabaka. Mnong'ono ulipita ukumbini: ndiye yule, ndiye yule kichaa.

"Una wazimu?" Mkuu alinong'ona alipopita karibu naye. "Saa nane jalada..."

"Dakika kumi, Mkuu. Ukiona sina kitu, nivue vyeo hapahapa."

Alipanda jukwaani.

"Samahani, Profesa. Nina swali la mtu asiyejua mimea. Asubuhi uliniambia gazeti hunyonya kila kitu. Nimekosea?"

"Afande, hapa si mahali..."

"Nimekosea?"

"Hukukosea."

"Basi mmea uliolala hapa miaka tisa umeacha alama yake chini. Mzee, unyanyue."

"Usiguse!" Profesa alipaza sauti. Lakini Mzee wa Makabati alikuwa ameshaingiza kadi yake, na katika nchi yake ndogo ya makabati hakuna aliyemzuia. Aliunyanyua mmea. Karatasi chini yake haikuwa tupu. Ilikuwa na kivuli cha kahawia, chembamba chembamba, kama manyoya ya kuku.

Waandishi wa habari walisogea. Mtu mmoja nyuma alisema "Eeh!" kwa sauti.

"Mmea una majani mapana saba," alisema Inspekta, "kivuli kina manyoya. Sasa tuone mwenye manyoya amelala wapi." Mzee aliweka ubao wake mezani, akalifungua gazeti la mwaka jana. Wekundu ule ulionekana hadi mstari wa nne wa viti. "Hili limetoka kabati la saba leo saa sita. Utomvu huu haufutiki. Nina shahidi mtaalamu, dobi wa miaka ishirini, na nina blauzi. Geuka, binti, wakuone."

Kisirani aligeuka, polepole, mikono yenye pingu ameishusha. Mabaka ya kifuani na mabaka ya kwenye gazeti yalikuwa rangi moja.

"Barua yake ya miezi mitatu iliyopita inataja kila doa, mpaka tundu la mdudu. Ulikuwa nayo wewe, Profesa. Ukatukabidhi sisi kama ushahidi wa ukichaa wake, kwa sababu ulijua hatutasoma." Hapa Inspekta alisita kidogo, maana ilimuuma. "Jana asubuhi ulichukua chupa nzima ya spiriti. Iko wapi? Ya huyu binti iko mezani kwake, imepungua vijiko vitatu. Nimepima. Kilichoungua ofisini kwako chenye maana ni kimoja tu: daftari lake. Mmea wenyewe ulikwishaushusha chini. Kwa bahati."

Profesa alitabasamu. Kweli, alitabasamu, na kwa sekunde mbili tatu ukumbi uliyumba, ukawa tayari kumwamini tena.

"Hadithi nzuri. Mtu yeyote anaweza kuingia kabatini na kuchezea magazeti. Huyu binti, kwa mfano."

"Anaweza," Inspekta alikubali. "Nilijiuliza hilohilo. Ndiyo maana kuna jambo moja silielewi. Mwizi mwenye akili angelichoma tu lile gazeti jekundu. Moto ulikuwepo. Angekuwa mjinga wa namna gani, kwenda kuuvisha mmea mwingine? Angeutupa ule wa manyoya mtupu hivyohivyo, angeutupa jalalani, nani angejali?"

"Jalalani!" Profesa aligeuka mzimamzima. "Mmea wa miaka tisa, unajua unachosema? Ningeuacha uchi, upukutike? Ungelala kwenye nini?"



Profesa alibaki mdomo wazi, mkono wa bandeji hewani, na mtu angeweza kuona neno lake mwenyewe, ningeuacha, likimrudia polepole. Mzee wa Makabati alitikisa kichwa, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama huruma, kwa sababu katika ukumbi ule mzima ni yeye peke yake aliyeona kwamba jibu lile lilikuwa sahihi.

Kisha ukumbi ukalipuka. Mkuu wa Kituo alikuwa ameshasimama, amerekebisha kofia, anapanda jukwaani kwa hatua za mtu aliyepanga yote haya yeye mwenyewe tangu asubuhi.

"Profesa," alisema, kwa sauti ya kufikia kamera, "uko chini ya ulinzi. Kuchoma jengo la umma, na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi." Kwa Inspekta alisema kwa sauti ndogo: "Vyeo vyako viache vilipo."

"Na jalada, Mkuu?"

"Jalada gani? Andika lingine!"

Pingu zilizotoka mkononi mwa Kisirani ndizo zilizoingia kwa Profesa, kwa kuwa askari alikuja na jozi moja tu. Mama yake Kisirani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anamshika kila mtu mkono, hata waandishi wa habari, anawaambia, mimi ndiye dobi, mimi ndiye dobi mwenyewe. Watu waliomwita binti yake Kisirani miezi minne walikuwa wamesimama wanapiga makofi mpaka viganja vinawaka.

Binti mwenyewe hakumtazama mtu. Alipanda jukwaani, akampokonya Mzee kadi ngumu bila hata kuomba, na Mzee akamwachia. Aliunyanyua mmea wake kutoka kwenye gazeti la daraja, akaushusha juu ya ule wekundu. Shina likafuata shina. Jani likafunika jani, la kwanza, la tatu, la saba, na lile la tano likakaa katikati ya ziwa lake. Alisukuma kidogo kwa ncha ya kidole mpaka tundu la mdudu likaja juu ya kile kitone cheupe.

Makofi yalififia yenyewe. Kila mtu alikuwa anaangalia vidole vile.

"Binti," alisema Inspekta, "nilipaswa kusoma barua zote. Nisamehe."

"Ulipaswa," alijibu Kisirani. Aliinamia kona ya gazeti, pale palipofutwa, akapapasa kwa kidole gumba kuona kama bado patavumilia maandishi. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi na alikuwa amekasirika kwamba yamejaa. "Nani ana penseli?"

Inspekta alichomoa ya kwake kwenye kijitabu, akampa.